Hadithi Isiyosisimua Haina Dini

Mhubiri mmoja mgeni, aliyealikwa hapa Unguja kuja kuwaongoza vijana, alisimama mbele yetu akatutangazia, kwa utulivu wa mtu asiyewahi kupingwa, kwamba Mkristo aliyeijua kweli hana haja ya hadithi za kubuni, kwa kuwa kubuni ni kusema uongo, na baba wa uongo kila mtu anamjua. Kwamba sinema za mikasa, za watu kufukuzana juu ya mapaa na kuning'inia kwenye majabali, ni vyuo vya ujambazi. Na kwamba ile riwaya aliyoiona kwapani mwa kijana mmoja mlangoni, yenye jalada la moto na mbawa za malaika, ni mbaya kuliko hizo zote, maana imethubutu kulitia jina la Bwana katika mchezo wa kutishana. Nalikuwa tayari kumsamehe, kwani mgeni ni mgeni, walakini watu wakaitikia Amina, na Amina ile, iliyotoka vinywani mwa wazee ninaowajua kwa majina, ambao hawakosi tamthilia ya Kituruki hata usiku mmoja, ndiyo iliyonikera hata nikaishika kalamu.

Wala sitamwonea mhubiri huyo kwa kumfanya ndiye mwanzilishi wa itikadi hii, kwani nimeisikia barazani Sokomuhogo kutoka kwa Waislamu majirani zetu, ambao huita mambo haya lahau na upuuzi, kama nilivyoisikia kanisani. Na ikiwa liko jambo ambalo dini mbili za mji huu zimeafikiana pasi na kuitishwa mkutano wala kutiwa sahihi, basi ni hili, kwamba kitabu kinachomfanya mtu asahau kulala hakiwezi kuwa na kheri, na kwamba ibada na msisimko ni mahasimu wasiokaa chumba kimoja. Mwalimu shuleni naye husema hivyo hivyo kwa namna yake, anapompokonya mtoto riwaya ya upelelezi na kumrudishia kitabu cha kiada, ambacho mtoto hukisoma kwa sababu tu kitatoka katika mtihani, akakiweka chini siku ya mwisho ya mtihani asikishike tena mpaka kufa kwake.

Rai yangu ni kinyume chake kabisa, na nitaisema wazi ili atakayetaka kukasirika akasirike mapema. Katika aina zote za hadithi walizopata kuzitunga wanadamu, hakuna iliyo karibu na dini kuliko hadithi ya taharuki, ile ya mauaji na upelelezi, ya hazina na maharamia, ya mtu aliye peke yake gizani na adui asiyemwona. Kwani hadithi hiyo haiwezi kusimama hata kurasa tatu ila kwa kuamini mambo mawili ambayo ndiyo nguzo za kila mimbari, kwamba hakuna siri isiyofichuka, na kwamba dhalimu, ajapochelewa, atalipwa. Ondoa itikadi hizo na riwaya ya upelelezi imekufa papo hapo, maana kwa nini mtu akeshe akimtafuta muuaji kitabuni ikiwa haamini kwamba muuaji anapaswa kupatikana? Wazee wetu walilijua hilo ndipo wakasema siku za mwizi arobaini, na asiyeona kwamba methali hiyo ni muhtasari wa Siku ya Hukumu na wa riwaya zote za upelelezi kwa pamoja, basi hajazingatia vema moja katika hayo mawili, nami nachelea kwamba mhubiri wetu hajayazingatia yote mawili.

Nianze na hoja ya uongo, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo ipendwayo kuliko zote. Yule Msamaria aliyemwokota majeruhi katika njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, jina lake nani, na alikuwa mwana wa nani? Mwenye nyumba ya wageni aliyekabidhiwa zile dinari mbili alikuwa akikaa mtaa gani? Hatujui wala hatutajua, kwa kuwa mkasa ule ulisimuliwa ili kufunza, haukusimuliwa ili kuandikishwa polisi; na tazama jinsi ulivyopangwa, una wanyang'anyi, una kipigo, una mtu aliyeachwa nusu mfu kando ya njia, una waheshimiwa wawili wanaotupa tamaa kisha wakatupokonya, ndipo anapotokea yule tusiyemtarajia hata kidogo. Nathani naye, alipotumwa kwenda kumkemea Mfalme Daudi, hakwenda na hotuba. Alikwenda na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, akamwacha mfalme ahamaki, amhukumu mwenye kosa kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo akamgeukia akamwambia kwamba mhalifu ni yeye. Watungaji wangapi wa riwaya za mauaji wamehangaika miaka kutafuta mwisho mmoja kama huo, na nabii aliupata kwa maneno machache tu? Basi mhubiri na achague: ama kubuni si uongo, ama atupe orodha ya kurasa anazotaka tuzichane.

Lakini nyayo za taharuki katika Maandiko haziishii kwenye mifano. Sisi Waanglikana tunavisoma, kwa mafundisho ya mwenendo mwema, na vile vitabu ambavyo wengine wameviweka kando, na humo ndimo mlimo hadithi ya sanamu Beli, ambaye mfalme wa Babeli aliamini kuwa ni mungu aliye hai, kwa vile kila asubuhi kondoo 40 waliowekwa mbele yake, pamoja na unga na divai, walikutwa wamekwisha, na mlango u vile vile na muhuri wake. Danieli hakumhubiria. Aliagiza majivu, akayapepeta sakafuni kote huku mfalme akitazama peke yake, mlango ukafungwa ukatiwa muhuri. Na kulipopambazuka, mfalme alipoiona meza tupu akapaza sauti kumsifu Beli, Danieli alicheka, akamzuia asiingie, akamwambia atazame chini. Palikuwa na nyayo za wanaume, na za wanawake, na za watoto, zimetapakaa juu ya majivu, na mlango wa siri chini ya meza ambao makuhani na jamaa zao waliutumia usiku kuja kula. Hiyo ni hadithi ya chumba kilichofungwa, yenye ushahidi wa nyayo na ufumbuzi wa asubuhi, iliyoandikwa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Na sijapata kusikia kwamba Danieli alilaumiwa na yeyote kwa kuwasisimua watu.

Majirani zetu Waislamu nao wasicheke, kwani ya kwao ni hayo hayo. Sura ya Yusufu, ambayo Kurani yenyewe inakitaja kisa chake katika visa vilivyo bora, ina kanzu moja iliyopakwa damu ya uongo na ndugu wenye husuda ili kumdanganya baba, na nyingine iliyochanwa mlangoni katika nyumba ya bwana wa Misri. Na hukumu ya hiyo ya pili ikakatwa kwa hoja ambayo mpelelezi yeyote wa leo angejivunia nayo, kwamba ikiwa imechanwa kwa mbele basi mwanamke amesema kweli, na ikiwa imechanwa kwa nyuma basi kijana alikuwa akikimbia. Ikakutwa imechanwa kwa nyuma. Hakuna aliyepiga mayowe wala aliyeapa, nguo ndiyo iliyotoa ushahidi. Mtu aliyehifadhi sura hiyo tangu chuoni, kisha akasema kwamba kufuatilia mkasa ni lahau, anajibizana na alichokihifadhi.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, sharti niitaje safari ya Paulo kwenda Rumi, ambayo huwa nasikitika kila inaposomwa kanisani kwa sauti ya mtu anayesoma risiti ya umeme. Jahazi lina watu 276, dhoruba imelichukua, usiku wa kumi na nne, katikati ya usiku, mabaharia wanahisi kwamba nchi iko karibu, wanatia bildi na kupata pima 20, wanasogea kidogo wanapata pima 15, na kila mwana wa nahodha aliyekulia Malindi au Mkokotoni anajua maana ya hesabu hiyo kupungua gizani. Wanatupa nanga nne tezi, wanaomba kuche. Kisha mabaharia wanashusha mashua, wakijidai kwenda kuweka nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka na kuwaacha abiria wafe. Paulo anaing'amua hila, anamwambia akida, askari wanakata kamba na mashua inakwenda zake tupu. Luka angeweza kuandika kwa neno moja kwamba walipata shida njiani wakafika Malta salama. Hakuandika hivyo, alituweka sitahani pamoja nao tukizihesabu pima, kwa sababu alijua jambo ambalo wahubiri wetu wamelisahau, ya kwamba msikilizaji asiyeogopa kuzama hatashukuru kuokolewa.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni Maandiko, na Maandiko yana ruhusa yake, ama hadithi za watu ni jambo jingine. Taibu, na twende kwenye hadithi za watu, na tuanzie hapa hapa Mkunazini. Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, akajenga kanisa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akafa mwaka 1882 na kuzikwa humo humo nyuma ya altare. Huyu si mtu wa kushukiwa kwamba aliichezea dini. Basi mtu huyu, pamoja na tafsiri zake za Maandiko, aliketi na watu wa Unguja akaziandika hadithi zao moja moja, akazitoa kitabu London mwaka 1870, na miongoni mwake ni ile ya Sultani Majinuni na mtoto wake kaa jikoni, aliyedharauliwa na watu wote, lakini ndiye pekee aliyeweza kukesha chini ya mtende wa baba yake, kwa kuutafuna mchanga kila usingizi ulipomjia, mpaka akamkamata ndege mwizi wa tende. Kisha akatoka kumwinda Nunda mla watu, akawa kila auapo mnyama humkokota mpaka nyumbani akidhani ndiye, na mama yake humwambia kwamba siye, mwanangu, Nunda bado, na sisi tunaosikiliza roho zinazidi kupanda. Askofu hakuyaona hayo kuwa ni uongo wa kuharibu roho za watu. Aliyapiga chapa. Wanaohubiri leo mahali pengi katika kisiwa hiki wanakula matunda ya mti alioupanda yeye, na wangemfukuza kama angeingia na kitabu chake kwapani.

Wala si yeye peke yake. Padre Ronald Knox wa Uingereza, aliyeifasiri Biblia nzima kwa Kiingereza kwa mkono wake, alikuwa pia mtunzi wa riwaya za upelelezi, na mwaka 1929 aliziwekea riwaya hizo amri kumi, mojawapo ikiwa ni kuharimisha mizuka na nguvu za ghaibu kuwa ufumbuzi wa fumbo. Na kabla yake G. K. Chesterton alikwisha kumtunga Padre Brown, padre mfupi wa mwavuli, ambaye katika kisa chake cha mwanzo anasafiri na mwizi mkubwa aliyevaa joho la upadre, na anamtambua kuwa si padre wa kweli kwa sababu gani? Kwa sababu aliibeza akili, na Padre Brown alijua kwamba aliyefundishwa dini kwa haki haibezi akili. Kila nisikiapo mtu mimbarani akiwaambia vijana wasisome, namkumbuka mwizi yule.

Na amri ile ya Padre Knox ilitimizwa vema kuliko popote katika kisiwa hiki hiki, na Mwislamu, mzaliwa wa Makunduchi, bwana afya aliyegeuka mwandishi wa magazeti, naye ni Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapwa mwaka 1960, ina maiti iliyokutwa mzimuni, na watu wote tayari wana jawabu, kwamba ni mambo ya mizimu na tusiyaguse. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na Najum wake ubavuni, hakubali. Anaamini kwamba penye dhulma pana mtu, na mtu huyo ana jina. Sasa niambieni, nani kati ya Bwana Msa na yule anayesingizia shetani kila ovu analotenda jirani yake ndiye aliye karibu na dini? Mmoja anasema kila mtu atajibu kwa alilolitenda. Mwingine anampa mwovu pahala pa kujificha. Riwaya ile imewafundisha watu wa visiwa hivi hisabu ya matendo kuliko mawaidha mengi niliyoyasikiliza nikiwa nimeshika kichwa.

Shaaban Robert naye, ambaye kila mkosoaji wa hadithi humtaja kwa heshima bila ya kumsoma, alipotaka kuandika juu ya wema na husuda katika Adili na Nduguze, alitufanya nini? Alitupeleka katika safari za bahari, katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, katika mambo ya majini na ndugu waliogeuzwa manyani wakawa wanachapwa kila usiku na ndugu yao awapendaye. Na hatuambii sababu ya kuchapwa ila baada ya kutuacha tuhangaike. Mtu mwadilifu kama yule, mshairi wa maadili kuliko wote, aliijua njia ya kuingilia moyoni, na njia hiyo hupita penye shauku ya kujua litakalofuata.

Nije kwenye sinema, ambazo ndizo hasa zinazowachukiza watu. Hoja wanayoitegemea ni kwamba kijana akiona wizi ataiba, na akiona mapanga atakata watu. Ingekuwa hivyo, basi kila aliyepata kuona picha ya Nuhu angekuwa ana safina uani kwake, na wanawake wa mji mzima wanaotazama vipindi vya mapishi wangekuwa wanatupikia ya kutosha, ilhali sote tunajua hali ya mambo majumbani. Kaini alimuua ndugu yake pasi na kuona sinema hata moja, na swali la kwanza la upelelezi wa mauaji duniani aliliuliza Mwenyezi Mungu mwenyewe, alipomtaka aseme ndugu yake yuko wapi.

Ben-Hur, ambayo kwanza ilikuwa riwaya ya Lew Wallace ya mwaka 1880, kisha ikawa sinema ya mwaka 1959 iliyotunukiwa Oscar 11, ni mkasa wa mtu aliyesalitiwa na rafiki, akafungwa kwenye makasia ya merikebu ya vita, akarudi kutafuta kisasi katika mbio za magari ya farasi. Na katikati ya vumbi lote hilo anapita Yesu, ambaye sinema haituonyeshi uso wake hata mara moja, akampa mfungwa maji ya kunywa. Sijui mahubiri yaliyowahi kunifanya niielewe kiu namna ile. Ama ile ya Indiana Jones ya mwaka 1989, ambayo vijana wa Ng'ambo waliijua kupitia kanda zilizochakaa mpaka picha ikawa inacheza, mwisho wake ni pango lenye vikombe vingi, cha kweli kimoja tu. Tajiri mwenye tamaa anachaguliwa cha dhahabu chenye vito, anakunywa, na mbele ya macho yetu anazeeka na kukauka akabaki mifupa, na mwenye elimu anachagua kikombe duni kuliko vyote, kwa hoja kwamba Yule aliyekinywea alikuwa seremala. Kabla ya hapo, mtego wa kwanza unamkata kichwa kila aingiaye kwa kiburi, na haupiti ila mwenye kupiga magoti. Na hivi ndivyo vyuo vya ujambazi! Waliotengeneza sinema ile walitaka fedha tu, nami nalijua hilo, lakini walipotafuta njia ya kutukosesha pumzi hawakuiona nyingine ila kunyenyekea na kutubu.

Katika mji huu, tena, dhambi iliyotendwa si kuangalia sinema, ni kuziua nyumba za sinema. Royal, iliyojengwa Vuga mwaka 1921 kwa ramani ya John Sinclair, yule yule aliyetupa majengo mengi ya serikali yenye kuba na matao, iliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata, kwa jina la Majestic, ikasimama tena, na mji mzima ukawa unavaa nguo za Idi kwenda kutazama sinema ya Kihindi ya Awara na wenzake. Leo pita Vuga utazame jengo lile, kisha uniambie ni nani aliyeharibu maadili ya vijana. Mtu aliyekaa ukumbini na majirani zake mia kadhaa, Mhindi na Mngazija, Mshirazi na Mgoa, wakashika pumzi pamoja na kuivuta pamoja, alijifunza ujirani. Huyu wa leo anayetazama peke yake katika simu, kitandani, na masikio yameibwa na waya, nani wa kumwambia kwamba wengine nao wanaogopa? Tamasha la filamu linalofanyika Ngome Kongwe tangu mwaka 1998 ni jambo la kushukuriwa, lakini sherehe ya siku chache haiwezi kufanya kazi ya nyumba iliyokuwa wazi mwaka mzima.

Na maadamu niko katika kulalama, nilalame pia juu ya wale watu wasio na huruma wanaokaa barazani na kumwaga mwisho wa kisa kwa wasiokiona, wakikwambia, huku kahawa iko mdomoni, kwamba muuaji ni daktari; hao mimi nawaona wana makosa makubwa kuliko wote waliotajwa na mhubiri wetu, kwani wanaiba mali isiyoweza kurudishwa. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tukakaa gizani miezi mitatu, nilitaraji kwamba angalau hadithi zitarudi mabarazani, na kweli zilirudi. Na hao wamwagaji nao walirudi pamoja nazo.

Sasa niseme juu ya zile riwaya zenye majalada ya moto, ambazo ndizo zilizozusha maneno yote haya, na ambazo mimi, tofauti na mhubiri, nimezisoma. Zinatufikia hapa kwa njia ya wageni wanaoziacha walikolala, zikapita mikono kwa mikono mpaka majalada yakang'oka. Ile ya Frank Peretti ya mwaka 1986 inasimulia mji mdogo wa Marekani ambao juu ya mapaa yake malaika na mashetani wanakabiliana kwa panga, na nguvu ya malaika hupanda na kushuka kwa kadiri watu wa chini wanavyosali, hata msomaji hujikuta akimwombea bibi mmoja wa kubuni asije akasinzia. Niambieni ni somo gani la sala lililowahi kufanya hivyo. Ile ya Tim LaHaye na Jerry Jenkins ya mwaka 1995 inaanza ndani ya ndege, usiku, juu ya bahari, abiria kadhaa wametoweka ghafla na nguo zao zimebaki vitini. Na mwanzo mzuri kama huo ni nadra. Lakini kosa lake si msisimko, kosa ni kwamba kila msisimko unapopamba, waandishi wanausimamisha ili mhusika mmoja amhutubie mwenzake kurasa nzima, kana kwamba wanachelea tutaburudika kupita kiasi tukasahau ni kitabu cha dini. Pale wanaponisimulia, naamini. Pale wanaponihubiria, natafuta ukurasa unaofuata. Ubaya wote wa riwaya za Kikristo, basi, unatoka kwa mhubiri aliyejificha ndani yake, na bado wahubiri ndio wanaozilaumu.

Vijana hawalikimbii neno, wanakimbia uchovu. Tumewazoeza kuamini kwamba jambo likiwa takatifu sharti liwe zito na baridi na lisilo na swali, kisha tunastaajabu wanapoipeleka shauku yao yote kwingineko, kwa wauza kanda na wafasiri wa sinema wa vibandani, ambao angalau wanajua kwamba mtu aliyelipa shilingi zake anastahili kungojeshwa vizuri. Kungoja kwenyewe ni ibada. Anayeweza kukaa na fumbo bila ya kulikimbilia jawabu, anayevumilia kuona mwovu akistawi sura kumi akijua kwamba ya kumi na moja ipo, huyo amefundishwa subira kuliko aliyesomewa fasili yake.

Kwa hiyo siombi ruhusa, nadai deni. Wakristo wa pwani tuna kanisa lililosimama juu ya soko la watumwa, tuna mitaa yenye nyumba za milango miwili, tuna bahari iliyojaa mali iliyozama, tuna kumbukumbu za mirathi zilizoghushiwa, tuna Kiswahili ambacho majirani zetu Waislamu wamekwisha kukitumia kumwumba Bwana Msa, na hatujamtoa padre hata mmoja wa kushindana naye. Na aandike mwenye uwezo, aanze na maiti kutoka mlango wa kwanza, asituonee huruma, nami nitakinunua kitabu chake kwa bei yoyote na kumgombania kwa wazee wa kanisa, kwa sharti moja tu: mahubiri yasianze kabla muuaji hajakamatwa.